Mtaa Uliojibu Hapana

Emilia Ndahani hakuwa mwongo. Hili lisemwe mapema, maana watu wa Nzuguni wakishaanza kusema hawana simile, na siku hizi ukilitaja jina lake utasikia mtu anaguna. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mjumbe wa mtaa wa Mikwajuni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempelekea ugomvi wa mpaka, wa maji machafu au wa kuku akaondoka akilalamika kwamba ameonewa. Maneno yake yalikuwa machache na sauti yake nzito, na alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho mpaka mwenyewe aanze kujieleza bila kuulizwa. Mtu wa namna hiyo akidanganya, anaaminika kirahisi. Ndiyo shida.

Alizaliwa upande wa Kongwa, mtoto wa tano katika nyumba ya wakulima wa uwele, akaja Dodoma mjini akiwa na miaka kumi na tisa kumfuata mume, mpiga tofali mchangamfu aliyemwachia mtoto mmoja, Yudith, kisha akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mjane mwenye mtoto mdogo afanye nini? Akaenda kuomba kazi kwa mzee Gulamrasul, mfanyabiashara wa nafaka wa Majengo, aliyekuwa na ghala lake la mawe huko Nzuguni wakati Nzuguni ingali pori la miiba. Humo ghalani Emilia alichambua ufuta na alizeti kwa miaka saba, kitambaa puani, mchana kutwa. Mzee alimwita "binti" na kumpa kilo mbili za sukari kila Idi, ingawa alijua fika kwamba huyu ni Mkristo wa kwaya.

Mwaka wa saba, mwezi wa pili, saa nane mchana, jua likiwaka, maji yaliingia ghalani. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Yalipanda hadi kifuani, yakakaa kama nusu saa, yakaondoka, yakaacha magunia mia tatu yamevimba na kunuka. Emilia na wenzake waliyaburuta nje siku nne. Mzee Gulamrasul alikuja na kanzu yake nyeupe, akatazama, akatikisa kichwa, akafunga mlango kwa kufuli, na mpaka siku anaingia kaburini hakuweka humo tena hata gunia moja.

Mtu mwingine angehama kabisa. Emilia alinunua kiwanja hatua mia mbili kutoka pale. Msimcheke. Baada ya maji yale viwanja vya Mikwajuni viliuzwa kwa bei ya mbuzi wawili watatu, na yeye hakuwa na pesa ya kununua kwingine. Alijiambia kwamba jambo kama lile hutokea mara moja katika umri wa mtu.

Kwa asiyeijua Dodoma, aelezwe: korongo si mto. Miezi kumi ya mwaka ni mchanga mweupe tu, watoto wanachezea mpira, ng'ombe wanapita, malori yanachota mchanga wa kujengea. Ukiliona mwezi wa kumi utamcheka anayekuambia uliogope. Halafu siku moja mvua inanyesha vilimani huko mbali, kwenu hata tone hamjaliona, na baada ya saa moja korongo limejaa ukingo kwa ukingo, maji rangi ya chai ya maziwa, na miti mizima ndani yake. Na jiji lilivyokua mambo yakazidi. Serikali ilihamia, watu wakahamia, palipokuwa na kichaka pakaota bati, palipokuwa na njia ya ng'ombe pakamwagwa lami, na maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi sasa yote yanashuka kwa pamoja.

Mikwajuni iko kwenye kona ya korongo. Ukiitazama kwa macho unaona iko juu, juu zaidi kuliko Bondeni, mtaa wa pili ulio upande wa chini. Lakini maji yenye kasi hayana subira ya kupinda kona. Yakifika pale yanaruka ukingo na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba. Wanaolijua hilo ni walioishi pale tu. Katika miaka kumi yaliingia nyumbani kwa Emilia mara tatu, na mara zote tatu alianika magodoro, akakwangua tope sakafuni, akanyamaza. Majirani nao wakanyamaza.

Walinyamaza kwa sababu ya X. Mwaka juzi, ng'ambo ya reli, ilionekana kwamba nyumba kadhaa zimejengwa kwenye mkondo wa maji. Wakaja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye kuta, na siku thelathini baadaye kikaja kijiko, ile mashine ya kuchimbia na kubomolea. Emilia alikwenda kutazama kama wengine walivyokwenda. Alimwona mwanamke amekaa juu ya kabati lake katikati ya kifusi, ananyonyesha, hata halii. Alirudi nyumbani akashindwa kula. Nyumba yake ya vyumba vitatu ameijenga kwa miaka tisa, kila mwaka kozi chache za tofali, na chini ya jua hili hakuwa na mali nyingine.

Kwa hiyo mwezi wa tisa, mwenyekiti wa mtaa alipompigia simu kwamba Alhamisi wanakuja wataalamu kufanya tathmini ya ustahimilivu wa jiji dhidi ya majanga yatokanayo na mabadiliko ya tabianchi, Emilia alimwacha amalize jina lote hilo, refu kuliko mtaa wenyewe, kisha akauliza:

"Wataulizia maji?"

"Maji, ukame, joto, upepo, kila kitu. Wewe waandae watu wako, mama mjumbe."

Akawaandaa. Jioni ile ile walikutana uani kwake, nyumba sitini na mbili, kila nyumba imeleta mtu. Obedi, seremala wa nyumba ya tatu, mtu wa kelele lakini si mtu mbaya, ndiye aliyesema kilichokuwa vinywani mwa wote.

"Wakiuliza maji yanafika, tukasema ndiyo, keshokutwa X. Mimi watoto wangu watano nitawalaza wapi? Juu ya mkwaju?"

"Na kama wanakuja kwa wema?" aliuliza Loisi, mwanamke mzee aliyeuza karanga za kukaanga karibu na stendi na asiyeogopa mtu.

"Wema gani, mama Loisi? Lini umeona mtu anatoka ofisini na gari, anachoma mafuta, kukuletea wewe wema?"

Watu wakaangua kicheko. Emilia hakucheka. Alikuwa na hasira, hajui na nani. Alijua kabisa jibu la kweli ni lipi. Alisubiri wanyamaze, akawakazia macho yale yake, akasema:

"Tutajibu hapana. Nyumba zote. Asitokee wa kutuaibisha."

Zikabaki kuta. Maji yakishaingia ndani huacha mstari ukutani, wa tope na chumvichumvi, na mtoto mdogo akiuona anajua ni nini. Sasa huko kwa Wagogo kukandika nyumba ni kazi ya wanawake, na mwanamke hakandiki peke yake. Anawaita wenzake, anapika, wanashinda kwake, kesho ni zamu ya mwingine. Jumatano ile Emilia aliwaita wote kwa siku moja. Walichimba udongo wa kichuguu, wakauchanganya na samadi ya ng'ombe, wakakandika nyumba za udongo. Na zile za tofali wakazipaka oili chafu kutoka gereji za stendi, mkanda mweusi kuanzia chini hadi kiunoni, kama ambavyo watu wengi hufanya kuzuia mchwa. Waliimba. Walitaniana kuhusu waume zao. Yeyote aliyepita pale alidhani kuna harusi. Kufikia saa kumi na moja mistari yote ilikuwa imefichwa, na Emilia akaenda nyumba hadi nyumba kuhakiki, mikono myeusi hadi viwikoni.

Mtaalamu aliyekuja Alhamisi aliitwa Sila, kijana wa Mpwapwa, mrefu, viatu vimejaa vumbi, kishikwambi mkononi. Emilia alikuwa amejiandaa kumchukia. Ikawa ngumu.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, kisha akainama kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Walizunguka pamoja siku nzima. Kila nyumba Sila alivua kofia, akauliza kwa upole, akasubiri jibu bila kuharakisha. Swali la kumi na nne ndilo walilolingoja: je, katika miaka kumi iliyopita, maji ya mafuriko yamewahi kuingia ndani ya nyumba hii? Na kila nyumba mtu alimtazama kwanza Emilia, kisha akasema hapana. Obedi alisema hapana kwa sauti ya kuapa. Loisi alisema hapana huku anatazama karanga zake. Sila alibonyeza, akashukuru, akaenda inayofuata.

"Mtaa wenu msafi sana, mama," alisema walipofika ukingoni. "Kila nyumba imekandikwa upya."

"Tunajitahidi."

Halafu akasimama. Pale ukingoni pana mgunga mkubwa, na kwenye matawi yake, juu kuliko kichwa cha Sila, yalikuwa yamenasa matambara, mifuko, nyasi kavu zilizosokotana na ndala moja ya mtoto. Nyumba sitini na mbili walizikumbuka, mti mmoja wakausahau. Sila aliinua uso akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, hivi vimefikaje huko juu?"

Emilia naye aliinua uso, akaitazama ile ndala. Kama angesema wakati ule, mambo yangeishia hapo. Angekuwa na X ukutani pengine, angelia, angehamia kwa Yudith huko Singida.

"Upepo," alisema. "Si unaijua Dodoma, mwanangu. Upepo wa huku unabeba hata kuku."

Sila akacheka, maana ni kweli, upepo wa Dodoma mwezi wa nane hauna adabu. Akaandika. Alipokuwa anafunga kishikwambi chake alisema, "Uzuri wenu mko juu. Mtatusaidia sana ninyi." Emilia hakuuliza watasaidia nini. Alitaka aondoke tu.

Majibu yalitoka mwezi wa kumi na moja. Ramani kubwa ilibandikwa kwenye ofisi ya kata, na watu wakaenda kuitazama. Bondeni ilikuwa nyekundu yote, maana watu wa Bondeni, wajinga wale, kama alivyosema Obedi, walikuwa wamejibu ndiyo. Mikwajuni ilikuwa ya kijani, imekaa kwenye kona yake. Walirudi nyumbani kwa shangwe. Obedi alichinja jogoo.

Wakasubiri X za Bondeni. Hazikuja. Kikaja kijiko, ndiyo, lakini kilichimba mtaro. Likaja kalavati jipya. Wakaja akina dada wenye madaftari kuandika namba za simu za kila nyumba ili watu watumiwe ujumbe wa tahadhari kabla maji hayajafika. Hakuna ukuta hata mmoja uliopakwa rangi.

"Kumbe walikuja kwa wema," alisema Loisi.

Obedi alitukana. Emilia, kuanzia siku ile, alitoka uani kutazama kila mawingu yalipojikusanya upande wa vilima.

Wiki ya kwanza ya Desemba alikuwa anatoka kuchota maji akasikia nyundo. Vijana watatu wenye makoti ya kung'aa walikuwa kwenye ghala la mzee Gulamrasul, ambalo nalo lilikuwa ndani ya ile kijani ya ramani. Kufuli limetolewa, mlango umepakwa mafuta, sakafu imefagiwa. Juu ya mlango walikuwa wanapigilia bango: MAHALI SALAMA PA KUKUSANYIKA WAKATI WA MAFURIKO. WAKAZI WA BONDENI. Ndoo ilimponyoka Emilia, maji yakamwagikia miguu.

"Ufunguo mmeupata wapi?" aliuliza.

"Kwa mwenyewe, mama. Dada Tahira wa Majengo. Katoa bure, Mungu ambariki."

Tahira alikuwa mjukuu wa mzee, msichana mwenye moyo mzuri, aliyelijua ghala lile kwa jina tu. Katika ukoo wao aliyejua kwa nini lilifungwa alikuwa marehemu. Na mwingine aliyejua alikuwa amesimama pale na ndoo tupu.

Jumatatu Emilia alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisi ya kata. Alikuwa amepanga maneno: nilikosea, andikeni upya. Alikaa kwenye benchi saa nzima. Kwenye kona ya chumba kile kulikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi juu yake. Pengine lilikuwa la kupaka viti. Pengine la kupaka nguzo za uwanja. Yeye hakuweza kuondoa macho pale, na alipoitwa, karani akamwuliza, "Una shida gani, mama?" alisikia mdomo wake mwenyewe ukiomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mjukuu wa Loisi. Akaandikiwa. Akaaga. Njiani alilia kwa hasira, akijiita majina ambayo asingekubali mtu mwingine amwite.

Alimweleza Obedi jioni ile kwamba atarudi Jumatatu nyingine. Obedi hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Yudith," alisema taratibu, "ukisema, hutajibomolea wewe peke yako. Utatubomolea sote. Halafu mvua zenyewe ziko wapi? Wanasema mwaka huu ni ukame."

Emilia alikuwa anataka kuamini. Akaamini. Jumatatu ikapita, na nyingine, na Krismasi ikafika.

Siku moja ya Januari alikwenda Bondeni kwa Generosa, fundi cherehani, kuchukua sare ya kwaya. Generosa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpangaji, amekuja mjini miaka miwili tu, na kwa kuwa naye ni wa Kongwa alimpenda Emilia kama shangazi. Walikunywa chai. Halafu Generosa akaonyesha kwa kidole upande wa ghala.

"Shangazi, mimi mambo ya huku siyajui. Tumeambiwa ujumbe ukija tukimbilie kule. Kweli maji hayafiki?"

"Si umeona ramani? Inasema hayafiki."

"Ramani nimeiona. Nakuuliza wewe."

Emilia alikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hayafiki," alisema.

"Haya basi, nimetulia," alisema Generosa, akamwongezea chai.

Usiku huo na wa siku zilizofuata Emilia alilala vibaya. Mvua zilikuwa haba kweli, mahindi yalianza kujikunja, na watu walikuwa wanaomba mvua kanisani. Yeye peke yake kwenye benchi ndiye aliyekuwa hatamki amina. Alihesabu wiki. Februari ikipita, Machi ikipita, atakuwa amevuka, na mwaka mzima mbele yake wa kutafuta namna ya kusema.

Haikufika Februari. Alhamisi ya mwisho ya Januari kulikucha na joto la ajabu, hakuna jani linalotikisika. Kufikia saa nne vilima havikuonekana. Kulikuwa na weusi tu pale vilipokuwa, na ndani ya weusi huo umeme unapigapiga bila sauti. Juu ya Mikwajuni jua lilikuwa kali kama kawaida. Mchana ukaanza upepo. Emilia alikuwa anaanika mlenda juu ya jamvi, akasikia mlio wa watu wengi wanaokuja, akainuka.

Walikuwa wanapanda kutoka Bondeni. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu zao dakika ishirini nyuma, na walikuwa wametii, watu wale wenye adabu, wamebeba magodoro, watoto mgongoni, kuku miguu juu. Mwanamke mmoja alikuwa na sufuria ya ugali ambao haujaiva. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Mlangoni pa ghala alisimama Sila na koti la kung'aa, orodha mkononi, anaandika majina, anawaelekeza ndani. "Karibuni, karibuni, sogeeni nyuma wengine wapate nafasi. Hapa mko salama."

Emilia aliacha mlenda upeperuke. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita, bila viatu. Alimkamata Sila kwa mkono.

"Watoe."

"Mama? Shikamoo. Kuna nini?"

"Watoe humu sasa hivi. Maji yanafika hapa."

"Mama, hapa ni kijani. Wewe mwenyewe..."

"Nilikudanganya!" Alipaza sauti mpaka walio ndani wakageuka. "Nilikudanganya mimi, na nikawaambia wengine wakudanganye. Yanafika hapa. Humo ghalani yalinifika kifuani, mimi, nimesimama. Nyumbani kwangu yameingia mara tatu. Watoe, mwanangu, nakuomba."

"Ameshikwa na hofu huyu mama!" Obedi alikuwa amefika, anahema, macho yamemtoka. "Msimsikilize! Hapa maji hayajawahi kufika!"

Sila alimtazama huyu, akamtazama yule. Watu wa Mikwajuni walikuwa wameshaanza kukusanyika, na wanawake waliokandika pamoja walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyefungua mdomo. Emilia aliwaona na akawaelewa, na kuelewa huko kukamuuma kuliko kama angewachukia. Ndipo Loisi akasukuma watu akapita mbele.

"Kweli tupu," alisema. "Kwangu yalibeba kitanda."

Obedi alimgeukia, mdomo wazi. Nyuma yake mtoto wa miaka mitatu hivi alikuwa anavuka kizingiti cha ghala kwa kutambaa, ameshika ndala zake mikononi. Obedi alimtazama yule mtoto mpaka akapotelea ndani. Mabega yakamshuka.

"Kwangu dirishani," alisema. "Mwaka juzi."

Basi wakaanza kusema wote kwa mpigo, kwangu, kwangu, kwangu. Sila aliishusha orodha yake. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Tuna muda gani?"

"Ukisikia kama lori linapanda mlima, hazizidi dakika kumi," alisema Emilia.

Wakanyamaza. Sauti ile ilikuwepo tayari.

Mahali pa kweli pa kukimbilia palikuwa tuta la reli, hatua mia nne kupanda. Magodoro yaliachwa. Obedi alibeba watoto wawili, akarudi, akabeba wawili wengine. Watu wa mitaa yote miwili walipanda pamoja, wakisukumana, wakianguka kwenye kokoto, wakiitana majina. Emilia alikuwa wa mwisho kutoka ghalani, aliingia mpaka pembe ya nyuma kuhakikisha hakuna aliyebaki, akaacha mlango ukipigwapigwa na upepo, akapanda tutani huku mapafu yanamchoma. Chini yao maji yalikuwa yameruka ukingo, ulimi wa kwanza, mwembamba, wa kahawia, umeshaikata njia kati ya tuta na ghala.

Sila alianza kusoma majina. Mmoja mmoja wakaitika. Emilia alihesabu kimoyomoyo kila alipoitika mtu. Wamepona. Nyumba ziende, X zije, wamepona.

"Wote niliowaandika wapo," alisema Sila, akaketi kwenye reli.

"Generosa je?" aliuliza mwanamke mmoja wa Bondeni, Anjelina, jirani yake. "Generosa hukumwandika. Tulitoka naye, akarudi kuchukua cherehani. Alisema atatukuta ghalani."

Emilia alisimama. Kutoka upande wa chini, kwa njia ya nyuma ya mkwaju, ambako maji yalikuwa hayajafika, alikuwa anakuja mtu mmoja, anatembea haraka lakini bila wasiwasi, cherehani kichwani, mkono mmoja umeishika. Alikuwa hatua chache kutoka mlangoni.

"Generosa!"

Sila alishuka tuta mbio. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni kwa hatua moja, na Obedi akamdaka shati akamvuta nyuma. Emilia alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka, toka, toka hapo, yanafika, yanafika hapo! Loisi akapiga kelele, Obedi akapiga kelele, wanawake wa nyumba sitini na mbili, wote kwa pamoja, maji yanafika hapo! Na ngurumo ya korongo ikazimeza sauti zote.

Generosa aligeuka. Aliona umati wa watu umejipanga juu ya reli, wote wanampungia mikono. Naye akawapungia, akitabasamu kama mtu aliyekaribishwa, akasukuma mlango kwa bega, akaingia ndani, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, akaufunga.